Jibu: Wanafunzi wa umeme wanaosinzia wakati wa nadharia
Ndugu mwalimu, umeuliza ufanyeje wanafunzi wako wa umeme wa majumbani wanaposinzia wakati wa nadharia. Mitaala ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, inataka umahiri, si kukariri, hivyo mimi huanzia karakana: kabla hawajaingia nachomoa waya mmoja kwenye swichi ya njia mbili (ile inayowezesha kuwasha na kuzima taa moja kutoka sehemu mbili), kisha wawili wawili wanatafuta hitilafu kwa mita, yaani kifaa cha kupimia nyaya, umeme ukiwa umezimwa, na mmoja anamweleza mwenzake, anayeigiza mama mwenye nyumba, kilichoharibika na gharama yake bila lugha ya kifundi. Hapo ndipo stadi za mawasiliano hujengeka, kwani fundi hodari asiyejua kuomba radhi akichelewa hupoteza wateja. Nadharia hufuata baadaye, wakiwa na maswali yao wenyewe; nawe jizuie kutoa jibu mapema, jambo ambalo, nakiri, lilinichukua muda kulizoea.