Maswali ya wandugu: tukijiandaa kuonana tena

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu jambo moja: mikutano ya ushirika wa Uamsho, ule mwamko wa Kikristo wa Afrika Mashariki, ambapo wandugu waliotawanyika hurudi kuonana.

Bwana asifiwe. Wenye ukumbi wanataka jina la mwenyekiti wetu, na hatuna. Tuandike nani?

Asifiwe sana. Andikeni yeyote aliye tayari kupokea simu, mradi kila mtu ajue hicho si cheo. Uamsho haukuanzia ofisini. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, ambaye hakuwa kasisi, alikaa na Joe Church, daktari wa Gahini nchini Rwanda, wakasoma Biblia na kuomba. Moto ukafika Kenya na Tanganyika bila daftari la wanachama. Kazi ni ya timu, na timu huomba mpaka wakubaliane.

Wajukuu wanauliza kwa nini tunaimba "Tukutendereza" ilhali sisi si Waganda.

Waambie ni Kiganda, maana yake "twakusifu", na kwamba wimbo ulikuja na waliotuletea habari. Waambie pia huimbwa mtu akimaliza kutubu. Wakiusikia, wajue kuna aliyerudi nyumbani.

Mimi na dada mmoja hatusemezani tangu tulipogombania pesa za chama. Atakuja mkutanoni. Niungame mbele ya watu wote?

Dada yangu mpendwa, usingoje maikrofoni. Mtafute kabla ya ibada ya kwanza, mkiwa wawili.

Katika mkutano wetu uliopita nilikuta akina mama wawili nyuma ya jiko wakisugua sufuria za uji, masizi hadi viwikoni. Kwa miaka walikuwa wakikwepana. Mmoja akasema, "Nilikusengenya kwa mkweo, na ulikuwa uongo." Hakuongeza "lakini". Mwenzake aliuacha mwiko ukaanguka, akamshika ile mikono myeusi, wakalia pale pale majivuni. Nilirudi nyuma polepole, maana hapo hapakuwa pangu. Jioni walisimama pamoja kushuhudia, kwa maneno machache tu. Huko ndiko kutembea nuruni, kama ilivyo katika 1 Yohana 1:7.

Na kama pesa yake ungali nayo, nenda nayo. Waliookoka miaka ile walirudisha hadi ng'ombe na majembe waliyoiba. Ukifika mikono mitupu atakusamehe, lakini wewe mwenyewe utaondoka na mzigo ule ule.

Fedha zetu zinatosha siku moja tu. Tuahirishe?

Msiahirishe, ila punguzeni nyama mwongeze siku. Kule Kabale, Uganda, wandugu walikutana 1935, wakakutana tena 1945, na katikati hapo wengi walikuwa wameshazikwa. Siku ya kwanza watu huulizana habari za watoto na mvua; ya pili ndipo mioyo hufunguka. Ugali na maharage vinatosha, na kila mtu aje na blanketi lake.