Re: Nimalize dizaini yote kwanza ndo niwape watu wajaribu?

Mkuu swali lako nimelielewa hivi, una apu ya kuweka miadi kliniki, skrini zote umeshachora na rangi zake, developa anasubiri, na unauliza umalize kila kitu ndo uwape watu wajaribu au uwape hivyohivyo ikiwa nusu. Wape hivyohivyo. Tena ingewezekana ungewapa kabla hujaweka rangi hata moja, maana mtu akiona kitu kimependeza anaona noma kukukosoa, atakwambia "iko poa" basi yameisha, ila ukimpa karatasi umechora kwa kalamu, mistari imepinda, anajua bado hujamaliza na anasema ya moyoni.

Ngoja nikupe mfano mmoja nilioushuhudia mwanzo mpaka mwisho, maneno ya jumla utayakuta kila sehemu.

Ilikuwa fomu ya usajili wa hospitali, jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, vitu vya kawaida tu. Tarehe ilikuwa ile ya gurudumu, unazungusha siku, mwezi, mwaka, na mwaka unaanzia wa sasa hivi. Kwa vijana waliokuwa wanaijenga hakuna shida yoyote. Akaja mama mmoja mtu mzima, wa miaka ya hamsini huko, akaanza kuzungusha kwa kidole gumba, anazungusha, anazungusha, alipofika kwenye themanini na kitu akasimama, akaniangalia, mi kimya. Basi akachagua mwaka uliokuwa mbele yake akabonyeza Endelea. Fomu ikapita na tiki ya kijani juu! Sasa jiulize, ungekuwa unasoma ripoti tu ungeona nini? Mtumiaji kamaliza, hakuna kosa, safi. Kumbe kwenye rekodi mama wa watu kapunguziwa miaka kibao, na hiyo ni hospitali, umri unaangaliwa mpaka kwenye dozi.

Tukatoa gurudumu tukaweka kiboksi kimoja mtu aandike mwenyewe. Wazee wakafurahi, lakini kila mtu akaandika anavyojua yeye, huyu kaweka mkwaju, huyu nukta, mwingine kaandika mwezi kwa maneno, mfumo unakataa kwa maandishi mekundu na hausemi unataka nini. Tukagawa viboksi vitatu, siku, mwezi, mwaka. Hapo developa akaongeza ufundi wake, ukijaza tarakimu mbili kile kimstari cha kuandikia kinaruka chenyewe kwenda kiboksi kinachofuata. Ukisikia unaona ni wazo zuri kabisa. Sasa angalia mtu anayeandika huku macho yapo kwenye kibodi, akimaliza siku anabonyeza mwenyewe kitufe cha kibodi cha kwenda kiboksi kinachofuata, wakati kimstari kilishahama zamani, anainua macho anakuta mwezi upo kwenye mwaka. Na aliyerudi nyuma kurekebisha siku akawa anarushwa mbele tena. Ikazimwa, viboksi vitatu vikabaki, kelele zikaisha. Baadae nikaja kukuta mwongozo wa dizaini wa serikali ya Uingereza, wa GOV.UK, nao unashauri hivyohivyo, viboksi vitatu kwa tarehe ambayo mtu anaikumbuka kichwani na usimhamishe kwa nguvu.

Unaona sasa? Kila dawa ilikuja na ugonjwa wake. Ndo maana sikubaliani na wale wanaosema fanya testi moja kubwa mwishoni, hiyo itakuonyesha matatizo ya kwanza tu, yale yatakayozaliwa na marekebisho yako nani atayaona? Watayaona wateja. Na wala sio jambo geni, watafiti wa kompyuta John Gould na Clayton Lewis waliandika tangu 1985 kwamba mambo ni matatu, wajue watumiaji na kazi zao mapema, pima kwa kuwaangalia wakitumia, halafu rekebisha na urudie. Waliwauliza na wabunifu wenzao hatua wanazofuata, wengi hawakuzitaja zote tatu, na nadhani ukiuliza leo utapata jibu lilelile.

Kuhusu hofu yako kwamba huna watu wengi wa kujaribu, usiumize kichwa. Kuna hesabu ya watafiti wengine, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, ya 1993 ambayo ndo chanzo cha ule msemo wa watu watano, kwamba watano wanatosha kuibua kama asilimia 85 ya matatizo. Ila watu wanaimeza nzimanzima, ile 85 inakuja ukichukulia kila mtu mmoja anaibua asilimia 31, na hiyo ni wastani wa miradi yao, yako inaweza ikawa tofauti. Halafu wawe watu wa aina moja. Wewe una wagonjwa na una wahudumu wa mapokezi, hayo ni makundi mawili, usiwachanganye ukasema umemaliza. Ukiwa na watu 15 wagawe mara tatu, watano, rekebisha, watano wengine, rekebisha, kuliko kuwamaliza wote siku moja.

Sasa kazi ngumu kuliko zote, kunyamaza. Yaani unamwona mtu anahangaika na kitufe kipo pale chini ya pua yake, mdomo unawasha. Nyamaza. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie, "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Mwombe awe anasema kwa sauti anachofikiria. Usimwulize kama ameipenda, mpe kazi, "mtoto ana homa, mtafutie nafasi kesho asubuhi", na angalia maneno yako, kama kitufe kimeandikwa Weka Miadi na wewe ukamwambia weka miadi ushampa jibu, hapo unapima kama anajua kusoma tu.

Kila raundi iwe na swali lake. Anza na mpangilio, je mtu anatafuta daktari kwanza au siku kwanza, hilo ukilikosea rangi haitakuokoa. Maneno yafuate. Mambo ya saizi ya vitufe na rangi za maandishi usipoteze watu kuyagundua, yameshaandikwa, Apple wanasema kitufe kisipungue pointi 44, Android dp 48 (vyote ni vipimo vya skrini), na utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1, fuata hizo songa mbele.

Kama huna prototaipu, yaani apu ya mfano ya kubonyezeka, sio sababu. Jeff Hawkins, aliyebuni Pilot, kile kikompyuta cha mfukoni cha Palm kilichotoka 1996, kabla hakijatoka alitembea na kipande cha mbao mfukoni, akitaka kuangalia kalenda anakitoa anajifanya anaandika, hivyo akajua saizi ipi inabebeka na vitu gani anavihitaji kweli. Wewe una karatasi na mkasi, kaa pembeni, mtu akigusa kitufe unambadilishia karatasi.

Lini usimamishe? Mi huwa naangalia raundi inaleta nini, ikianza kuleta ubishi wa ladha tu, huyu anataka bluu yule kijani, na kazi zote watu wanazimaliza bila kukwama, peleka kwa developa. Na huyo developa usimpelekee ripoti, mkalishe pembeni mtu akijaribu, atarekebisha bila kubembelezwa.

Ila hiyo skrini ya kuchagua muda uliyoisema, yenye saa zote za siku nzima kwenye orodha moja, hiyo inanitia wasiwasi. Ipige picha uitupie hapa, hata ile ya kalamu, na useme saa zilizojaa unazionyesha au unazificha.