Mmea unaoparamia ambao haujaandikwa Tanzania: picha zinatosha?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa msitu wa Pugu nikaona mmea unaoparamia mti, maua ya kijani yenye madoa ya zambarau. Nimeupiga picha nyingi. Rafiki yangu aliyesomea mimea anasema spishi hiyo inajulikana Msumbiji, kwetu haijaandikwa. Nikizituma picha, utaandikishwa? – Msomaji, Gongo la Mboto

JIBU: Marahaba. Picha peke yake hazitoshi. Kinachotakiwa ni sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebariamu, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ili hata miaka hamsini ijayo mtu aifungue, apime ua, aseme kama tulikosea.

Kabla ya hapo, hakikisheni kweli haujaandikwa. Anzeni na Flora of Tropical East Africa, orodha ya mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa 1952 na kumalizika 2012. Pugu mtaikuta chini ya alama T6, eneo la sita la Tanzania katika kazi hiyo. Kisha angalieni makabati: hebariamu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya taifa iliyoko Arusha, na ya Nairobi. Mara nyingi mmea "mpya" umelala kabatini miaka mingi kwa jina lisilo lake. Jiulizeni pia kama haukutoroka bustanini. Thunbergia grandiflora ya Asia inapandwa kwenye nyua nyingi, na ikishatoka nje ya ukuta hairudi.

Pugu ni hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo usikate hata jani bila kibali. Ukishakipata, nenda na mtu wa hebariamu. Usiung'oe, kata tawi lenye majani na maua, na matunda kama yapo. Maua ya mimea hii hukaa juu kwenye mwanga, hivyo tafuteni kwanza yaliyodondoka chini. Chukueni jani la chini na la juu, maana kwenye shina moja yanaweza kutofautiana hadi udhani ni mimea miwili.

Sasa sehemu ninayoisisitiza kuliko zote: andika palepale, msituni. Kata kikonyo cha jani usubiri kidogo. Utomvu umetoka? Mweupe au maji tu? Mmea unashika mti kwa vikono, kwa miiba, au shina lenyewe linajizungusha, na linazunguka kuelekea upande gani? Kwenye jamii ya viazi vikuu, upande huo peke yake unatenganisha makundi ya spishi. Na kwa jamii hiyo maua dume na jike huwa kwenye mimea tofauti, kwa hiyo msiridhike na shina moja. Ukikauka, utomvu hauonekani tena na yale madoa ya zambarau yatakuwa kahawia.

Ua moja liingie kwenye spiriti, kipande cha jani kwenye silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, kwa ajili ya vinasaba. Mengine yabaneni katikati ya magazeti. Kwa unyevu wa Dar, hasa masika, badilisheni magazeti kila siku, la sivyo ukungu utawatangulia. Kausheni sampuli tatu au nne, moja ibaki hapa, nyingine ziende hebariamu nyingine.

Kwenye lebo wekeni tarehe, namba ya mkusanyaji, mwinuko, mti ulioparamiwa na vipimo kamili vya GPS. Mitandaoni taja Pugu tu. Mmea wa shina moja, wakiujua wauza miche, hautamaliza mwezi.