Kubana matumizi ya halmashauri: anzeni na hati za malipo, kitabu cha bajeti baadaye

Mleta mada, umesema kamati yenu ya fedha imeagizwa ipunguze asilimia 10 kwa kila idara, ukauliza muanzie wapi. Kwanza hiyo ya "kila idara" ikataeni. Panga likipita sawasawa, kinachokatika ni matengenezo, maana mfereji ulioziba haupigi kelele kikaoni. Msimu ujao maji yanakula barabara, mnajenga upya palipohitaji vibarua wawili na koleo.

Kitabu cha bajeti kinaonyesha mlichopanga tu. Mwombeni mweka hazina malipo yote ya miezi 12 kwenye lahajedwali: tarehe, mlipwaji, kiasi, kifungu cha bajeti, namba ya ankara. Pangeni kwa mlipwaji, kisha kwa kiasi. Ankara iliyolipwa mara mbili hujitokeza yenyewe: kiasi kilekile, mlipwaji yuleyule, ila namba mara 0457, mara 457, mara 457A. Mfumo wa malipo unaziona ankara tatu tofauti. Halafu pangeni kwa tarehe. Mkikuta karatasi zimenunuliwa mara tisa ndani ya robo moja, kila mara chini kidogo ya kiwango cha kuitisha zabuni, hayo ni manunuzi yaliyokatwakatwa. Dawa yake ni mkataba mmoja wa mwaka kwa idara zote, bei ikiwa imefungwa kwa kila kipimo, mnaagiza kadiri mnavyohitaji. Msilundike bohari, wino wa printa unakauka.

Umeme ndiko penye pesa nyepesi. Andikeni mita zote mnazolipia, kisha mtu azifuate moja moja kwa miguu. Hukosi mita ya jengo lililohamwa zamani, au kibanda cha mtu kimeunganishiwa kwenu. Kwenye ankara za pampu za maji kuna mistari miwili ambayo watu huiruka: kilele cha matumizi (mzigo mkubwa kuliko wote wa mwezi, kwa kVA) na adhabu ya pawa fakta (sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi kweli) kuwa chini. Ya pili hutibiwa kwa kufunga kapasita, kifaa kinachopandisha pawa fakta. Kilele kwa kawaida hupimwa kwa wastani wa dakika 15 au 30, kwa hiyo msihangaike na ule mshtuko wa sekunde chache mota inapowaka. Angalieni pampu mbili zinazofanya kazi pamoja wakati tangi lingeweza kujazwa kwa zamu.

Taa za barabarani: taa ya sodiamu (ile ya mwanga wa njano) ya wati 250, pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa), hula kama wati 280. Ikiwaka saa 12 kila usiku ni saa 4,380 kwa mwaka, uniti zipatazo 1,226. LED ya wati 110 ni uniti 482 hivi. Lakini kabla ya kununua hata moja, ulizeni kama laini ina mita. Pengine mnalipishwa kwa makadirio ya idadi na wati za taa, na hapo ankara haishuki hata senti mpaka orodha hiyo irekebishwe.

Mafuta: jumla ya lita haisemi kitu. Tafuteni lita kwa kilomita 100 za kila gari, mlilinganishe na lenyewe la miezi iliyopita. Greda hupimwa kwa saa za injini. Tangi la lita 80 halipokei lita 95, na daftari la safari huwa linasema limepokea. Odometa ikifa, gari lisipewe mafuta mpaka itengenezwe. Mtashangaa itakavyopona haraka.

Mishahara, pangeni kwa namba ya akaunti ya benki. Majina mawili akaunti moja, waitwe wote waje na vitambulisho.

Kuna aliyependekeza hapo juu bajeti ya kuanzia sifuri, yaani kila idara itetee upya kila senti badala ya kuanzia na bajeti ya mwaka jana. Jimmy Carter aliitumia akiwa gavana wa Georgia, akaipeleka serikali kuu ya Marekani alipokuwa rais mwaka 1977. Ikazaa milima ya makaratasi na Reagan, rais aliyemfuata, akaiacha 1981. Fanyeni idara mbili kwa mwaka, zinatosha.

Na kila mnachookoa kipunguzwe kwenye kifungu chake mapema, kwa uhamisho ulioidhinishwa na baraza. Kikiachwa palepale, mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha kinageuka semina. Idara iachiwe sehemu yake, tuseme theluthi, itengeneze vitu vyake. Mkiichukua yote, mwakani hakuna mkuu wa idara atakayewaonyesha mita ya jengo tupu.