Kanzu kutoka kijivu kwa picha: haya ndiyo niliyojaribu mie

Ndugu yangu uliyeuliza kwa nini kanzu za harusi zimetoka kijivu na nyuso za watu giza ilhali kamera ilikuwa kwa oto, na ati ununue lenzi mpya ama vipi, ngoja nikwambie yaliyonikuta maana hilo balaa nalijua vizuri sana.

Mie nna Nikon D3100, nliinunua sekandi hendi na ile lenzi yake ya 18-55. Kazi ya kwanza kupewa ilikuwa nikahi ya binamu yangu, safu tatu za wazee na vijana msikitini, kanzu nyeupe pepepe, mie najiona fundi. Picha zilivyotoka shangazi akaziangalia weee akaniuliza, "Kwani hizi kanzu zilifuliwa kwa majivu?" Nyuso nazo kama watu wamekaa jikoni na stima imepotea. Nikalaumu taa za msikiti, nikalaumu kamera, nikamlaumu hata aliyeniuzia.

Kilichonifungua macho ni kamba ya nguo. Nlipanda juu kwa slabu, pale tunapoanika, nikakuta kanzu yangu na buibui la mamangu ziko kamba moja, jua la saa nne. Nikaisogelea kanzu mpaka ikajaa picha nzima, nikapiga. Nikalisogelea buibui vivyo hivyo, nikapiga. Kuziweka pamoja kwa kompyuta wallahi karibu ni rangi moja, kijivu na kijivu, ukimuonyesha mtu hajui ipi ni kanzu ipi ni buibui.

Sababu yake ni hii. Mita ya kamera haijui kanzu wala buibui, yenyewe inapima mwanga tu, na imetengenezwa ikidhani kila unachokielekezea ukikichanganya chote kitakuwa kijivu cha kati, ile wanayosema kinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi inapunguza, ikiona weusi inadhani ni kiza inaongeza. Kwa hivyo ufanye kinyume na akili inavyokutuma: kitu cheupe ongeza, kitu cheusi punguza. Kuna kitufe cha +/- karibu na kile cha kupigia picha, ila kwa ile oto ya kijani hakikubali, weka A kwanza (wewe wachagua apacha, yaani upana wa tundu la lenzi, na kamera yachagua shata, yaani muda wa kuingiza mwanga), halafu kibonyeze huku wazungusha gurudumu. Kila 1 pale ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili ukiongeza, nusu ukipunguza.

Sasa zoezi lenyewe. D3100 haina ile ya kupiga picha tatu zenyewe kwa eksposha tofauti, yaani viwango tofauti vya mwanga, basi nlikaa pale juu nikaipiga kanzu ileile kwa mkono, kuanzia -2 mpaka +2, sikugusa kitu kingine. Jambo nlilolipenda ni tarizi ya kifuani. Kwa 0 yaonekana lakini kanzu chafu, kwa +1 kanzu ni nyeupe na uzi wote wauona, +2 tarizi imepotea kabisa, limebaki bamba jeupe. Hapo ikiwa umepiga JPEG, ile picha ya kawaida, sahau, kilichoungua hakirudi, hata RAW, ile faili ghafi ya kamera, ina mwisho wake. Tangu siku hiyo nikipiga watu wa kanzu nazumu tarizi kwa skrini, ikiwepo naendelea, isipokuwepo narudi nyuma theluthi ya stopu. Buibui kwangu ni -1, lako jaribu mwenyewe.

Ukishazoea hilo isahau mita kabisa, weka M (apacha na shata wapanga mwenyewe), utoke jua la saa saba bila wingu. Kuna kanuni ya zamani ya watu wa filamu: apacha f/16 (namba ikizidi tundu hupungua) na shata iwe sekunde moja juu ya ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kushika mwanga, yaani ISO 200 shata 1/200. Nliijaribu nje ya Fort Jesus, hapa Mombasa, nikadhani itanidanganya, haikudanganya. Ufuoni kwenye mchanga mweupe funga mpaka f/22.

Vichochoro vya Mji wa Kale ndivyo vitakavyokutoa jasho, ukuta mmoja wawaka jua mwengine uko kivulini, na kamera haiwezi kushika vyote viwili. Chagua. Kama hamna mtu mie naacha kivuli kiwe cheusi tii, wacha kiwe, ukuta wa jua ndio picha. Kama kuna mtu namuomba akae kibarazani kivulini napima uso wake, ukuta wa nyuma ukiungua shauri yake. Wako watakaokwambia vuta vivuli kwa programu baadaye, mie sipendi, uso hutoka kama umepakwa vumbi.

Usiku nenda ufuoni Mama Ngina, upande wa feri. ISO 100, f/8, sekunde 8, feri ikivuka Likoni taa zake zinakuwa mistari juu ya maji. Sekunde 2 ni madoa tu, sekunde 30 na mji wa ng'ambo unaungua, zote piga uone. Tripodi sina, naweka mfuko wa mchele kilo mbili juu ya ukuta, kamera juu yake, natumia taima ili kidole kisitikise. Na ukitoka chumba cha eisii iache kamera ndani ya begi kama nusu saa ndio uifungue, la sivyo joto letu hili lenzi itashika mvuke utadhani umekosea eksposha kumbe ni maji. Mie nlipoteza magharibi nzima naipangusa kwa shati.

Kuhusu lenzi mpya: usinunue bado. Yenye f/1.8, yaani tundu pana, itakusaidia ndani ya ukumbi wenye kiza, lakini kanzu itatoka kijivu vilevile. Anika kanzu kesho, piga hizo tano kutoka -2 hadi +2, uzitie hapa tuzione.