Kichupa cha Cocculus na Mkondo wa Nungwi

Anayesafiri mara kwa mara kwa boti kati ya Unguja na Pemba anaujua Mkondo wa Nungwi, hasa wakati wa kusi, abiria wanapoanza kuulizana mifuko ya kutapikia. Mimi ni miongoni mwa wanaolevywa na bahari tangu utotoni. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiletea kutoka Muscat kichupa cha dawa ya homiopathia, aina ya tiba mbadala, iitwayo Cocculus indicus, iliyosifiwa kuwa ya mmea na isiyoleta usingizi, niliipokea kwa matumaini makubwa.

Safari ya kwanza sikutapika, nami nikawasifia wenzangu zile punje tamu. Ya pili nilitapika hadi bandari ya Mkoani. Ndipo nilipokumbuka kwamba safari ya kwanza ilikuwa ya maleleji, bahari imelala, na kwamba siku ile hata bila dawa pengine nisingetapika.

Niliporudi nilisoma lebo kwa makini. Cocculus ni mmea utambaao wa Asia ya Kusini, na mbegu zake zina sumu ya pikrotoksini, ambayo huko imetumika kulevya samaki kama wavuvi wetu walivyotumia utupa. Samuel Hahnemann, tabibu wa Kijerumani aliyeanza kuieleza homiopathia mwaka 1796, alishikilia kwamba kinacholeta dalili fulani kwa mtu mzima wa afya kitaziponya dalili hizo kwa mgonjwa, mradi kipunguzwe sana. Kichupa changu kiliandikwa 30C, maana yake sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu 99 za maji au spiriti, na mchanganyiko huo hupunguzwa vivyo hivyo tena na tena hadi mara 30. Kufikia mara ya 12 tu, huna matarajio ya kukuta hata molekuli moja ya mmea. Kwa hiyo sumu haipo, na mmea wenyewe pia haupo; kilichobaki ni sukari. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwapo na kuhitimisha kwamba hakuna ugonjwa ambao homiopathia ina ushahidi wa kuaminika wa kuutibu.

Anayetaka mmea wa kweli anao jikoni. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark waliwapa wanafunzi wa jeshi la majini gramu moja ya unga wa tangawizi wakiwa bahari kuu, na waliopewa walitapika kidogo kuliko waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na tangawizi. Mimi hutafuna vipande vya tangawizi kabla ya kupanda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza kwa daktari. Zaidi ya hayo hukaa katikati ya chombo, sehemu ya chini, nikitazama upeo wa bahari wala si simu, kwa kuwa kichefuchefu huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Kusi likichachamaa humwomba mfamasia kidonge cha kichefuchefu cha safari, ambacho humezwa mapema, kabla ya kupanda, nami huvumilia usingizi wake.

Kizunguzungu cha nchi kavu ni jambo jingine. Mama yangu mdogo aliniomba kichupa kilichobaki kwa sababu chumba kilimzunguka kila alipogeuka kitandani, nami nikakataa na kumpeleka hospitali. Daktari wa masikio alieleza kwamba chembe ndogo za chokaa zilikuwa zimehama mahali pake ndani ya sikio, akamlaza na kumgeuza kichwa hatua kwa hatua kwa dakika chache, na juma hilohilo akaweza kulala ubavu wowote. Lakini kizunguzungu kikija pamoja na ulimi mzito, uso kupinda au mkono kulegea, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, bila kusubiri punje wala tangawizi.