Nakala 1,000 zitalala wapi?

Mwenzetu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ameuliza kama achape nakala 1,000 za kitabu chake cha mazoezi ya Kiswahili kwa mkupuo mmoja, au akiweke mtandaoni kiwe kinachapwa kila kinapoagizwa. Waliomjibu wamelinganisha bei ya uchapaji tu. Mimi nimepita njia zote mbili hapa Kampala, na hesabu iliyoniumiza ni ya ghala.

Kitabu changu cha kwanza nilikichapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa mjini, nakala 1,000. Bei ya nakala moja ilinivutia, kwa kuwa katika uchapaji wa ofseti gharama nzito ni ya kutengeneza pleti (mabamba yenye sura ya kurasa) na kutayarisha mashine, nayo hupungua makali kadiri nakala zinavyoongezeka. Katoni nikazipanga juu ya saruji katika chumba nilichokodi Ntinda. Mvua za Machi hadi Mei zilipokwisha, nilifungua katoni ya chini kabisa nikakuta majalada yamejikunja pembeni, kurasa zimegandana, na gundi ya mgongo ikakatika mara tu nilipofunua kitabu. Katoni zote za safu ile hazikufaa kuuzwa. Ukihifadhi vitabu, viinue juu ya mbao na uviache mbali na ukuta. Hata hivyo, mbao hazitakuondolea kodi ya chumba, ambayo nililipa kila mwezi, kitabu kiuzwe kisiuzwe.

Wafanyabiashara wakubwa wa vitabu waliliona tatizo hili mapema. Kampuni ya Ingram ya Marekani, msambazaji wa vitabu, ilianzisha kitengo cha kuchapa kwa oda mwaka 1997, na Amazon, duka la mtandaoni, ikanunua BookSurge, iliyofanya kazi hiyo hiyo, mwaka 2005. Kitabu hukaa kwao kama faili. Mnunuzi akilipa, mashine ya kidijitali huchapa nakala moja, ikajalidiwa na kutumwa. Mwandishi halipi chochote mwanzoni, kwani gharama ya uchapaji hukatwa katika mauzo. Bei ya kuchapa nakala moja ni kubwa kuliko ya ofseti, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, ilhali hawajajumlisha kodi, nakala zilizoharibika na mtaji uliofungwa ndani ya katoni. Amazon hiyo hiyo huwahifadhia wauzaji wengine bidhaa zao tangu 2006, na huwatoza ada kwa ujazo wa nafasi, ada inayopanda kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kama nafasi ya rafu ina bei kwa mwenye maghala makubwa kiasi hicho, chumba chako nacho kina bei, hata kiwe cha nyumbani.

Hata hivyo, ndugu yangu, usimtegemee mchapaji wa ng'ambo kwa wasomaji wa Mbale. Mitambo hiyo iko mbali nasi, na nilipojiagizia nakala chache, usafirishaji ulinigharimu kuliko vitabu vyenyewe. Njia hiyo nimewaachia wanunuzi walioko Uingereza na Marekani, ambao hupata kitabu bila mimi kwenda posta. Kwa Uganda mimi huchapa nakala 50 au 60 kwa mashine ya kidijitali hapa hapa mjini, nikazimaliza ndipo nichape nyingine, na boda boda huzifikisha madukani siku ile ile.

Chukua ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu) yako mwenyewe kutoka Maktaba ya Taifa ya Uganda. Namba ya bure unayopewa na Amazon haitumiki kwa mchapaji mwingine, na utakapotaka kuchapa hapa nchini utalazimika kutafuta nyingine.

Jambo la mwisho linahusu kitabu cha mazoezi hasa. Katika zile nakala 1,000, mwalimu mmoja alinionyesha kwamba majibu mawili ya ngeli yalikuwa na makosa, nami sikuwa na la kufanya ila kuchapa kikaratasi cha masahihisho na kukibandika kitabu kwa kitabu, usiku baada ya usiku. Mwaka huu amenionyesha kosa jingine. Nimelisahihisha kwenye faili jioni ile ile, na nakala 60 zilizofuata zimetoka zikiwa safi.